Acheni Kuziimbia Boti za Hitler

Kuna aina ya kitabu cha vita ambacho nimekichoka, na leo nitasema hadharani. Kinafunguka kwa picha ya boti nyembamba ya rangi ya kijivu, omo limeinuka, povu jeupe linachemka nyuma. Ukurasa unaofuata: urefu mita 35. Unaofuata tena: injini tatu, nguvu ya farasi 6,000, kasi ya kilomita 70 kwa saa na ushei. Halafu zinakuja sura za makamanda wenye misalaba shingoni, kila mmoja na orodha ya meli alizozamisha, tani juu ya tani, utadhani ni taarifa ya mavuno ya korosho. Unafika mwisho wa kitabu hujakutana na mtu hata mmoja aliyemeza maji ya bahari.

Nazungumzia vitabu kuhusu boti za topido za Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Wajerumani wenyewe waliziita Schnellboot, yaani boti ya kasi. Waingereza, waliokuwa wakiwindwa nazo usiku, waliziita E-boat, na ile herufi E, kwa maelezo ya wengi, ni ya neno lao la adui.

Ningewaachia Wazungu ugomvi wao kama ugonjwa huu ungebaki kwao. Haukubaki. Fungua simu yako usiku wowote, tafuta simulizi za vita kwa Kiswahili. Utakuta sauti nzito, muziki wa kutisha chini yake, na msimuliaji anakwambia habari za "chuma cha Hitler" kilichokuwa "kiboko ya Waingereza". Makamanda ni "miamba". Meli "zinafyekwa". Tunapenda hadithi ya mashine hatari, jamani, tukubali. Na Kiswahili, lugha iliyozaliwa pwani na kulelewa na mabaharia, kinakodishwa kupaka rangi chombo cha watu wengine. Hoja yangu ni fupi: simulizi ya boti hizi isiyo na watu waliokuwa majini ni propaganda. Ni propaganda hata kama mwandishi hana nia hiyo, na hata kama kila tarakimu aliyoiweka ni sahihi.

Nianze kwa kuwapa haki yao, maana anayebeza kitu asichokijua ni mropokaji tu. Boti ilikuwa nzuri. Mataruma yake yalikuwa ya aloi nyepesi, ubavu wake wa mbao. Waingereza walipenda boti zenye tumbo bapa, zinazopanda juu ya maji na kuteleza. Bahari ikichafuka, chombo cha namna hiyo kinapigapiga wimbi hadi meno ya mabaharia yanaumana. Lürssen, wenye kiwanda Vegesack karibu na Bremen, walichagua tumbo la mviringo, linalolikata wimbi badala ya kulirukia. Bahari ya Kaskazini ikiamka, tofauti ilionekana. Tena Wajerumani walitumia dizeli wakati wapinzani wao walikaa juu ya matangi ya petroli, na petroli ikipata risasi hakuna mjadala. Kulikuwa na ujanja mwingine pia: usukani mdogo kila upande wa usukani mkubwa, unaogeuzwa kwa nje, hewa inavutwa nyuma ya chombo, na tezi haididimii kwenye shimo la maji ambalo chombo chenyewe kinalichimba kikienda mbio. Fundi yeyote wa majahazi wa Lamu au Pangani angekaa chini akachora hiyo kitu mchangani ili aielewe.

Sawa. Hayo nimeyakubali, na sitayarudia. Sasa tuone yanayoachwa.

Mama wa boti hizi hakuwa manowari. Mwaka 1927 Lürssen walimtengenezea tajiri mmoja wa benki wa New York mashua ya starehe iliyokwenda mbio kuliko vyombo vingi vya wakati wake. Iliitwa Oheka II, na jina hilo limeokotwa kutoka mwanzo wa majina ya mwenyewe: Otto Hermann Kahn. Jeshi la majini la Ujerumani, lililokuwa limebanwa na Mkataba wa Versailles, likaitazama mashua ile likatamani, likaagiza ya mfano wake yenye topido. Mwaka 1930 ikaja S-1. Hadithi hii karibu kila kitabu kinaisimulia, tena kwa tabasamu. Vichache vinasimama kukumbuka kwamba Kahn alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Mannheim. Alikufa mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya Hitler kushika serikali. Chombo kilichobuniwa kumstarehesha Myahudi wa Mannheim kikawa silaha ya dola iliyoua Wayahudi milioni sita. Hapo pana riwaya nzima, ndugu msomaji, imelala chini inasubiri mtu wa kuiinua. Nao wanaipita mbio, wanawahi kipimo cha injini.

Na hiyo injini je? Daimler-Benz, mitungi 20, fahari ya Stuttgart. Mwaka 1944 karibu nusu ya wafanyakazi wa kampuni hiyo walikuwa watu waliolazimishwa: raia waliokamatwa nchi nyingine wakaletwa, mateka wa vita, wafungwa wa kambi. Si uzushi wangu, kampuni yenyewe imekwisha kulikiri. Lakini kitabu cha boti kikifika kwenye injini kinakwambia uzito, mizunguko kwa dakika na nguvu ya farasi. Farasi wamehesabiwa. Watu hapana.

Hapa niingie kwenye jambo la lugha, ambalo ndilo hasa linaloniuma. Takwimu inayonakiliwa kila mahali inasema boti hizi zilizamisha meli za biashara 101, tani 214,728, ukiacha manowari. Hebu isome tena kwa Kiswahili: tani zilizama. Sisi tuna ngeli. Kiingereza kinaweza kuficha maiti ndani ya neno moja lisilo na uso, lakini Kiswahili kinamlazimisha msemaji achague kiambishi. Ukisema "zilizama", umesema vitu. Ukisema "walizama", umesema watu. Hakuna njia ya katikati. Sarufi yenyewe inakudai jibu. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika "zilizama" kurasa kumi mfululizo bila "walizama" hata mara moja amefanya uchaguzi huo mara kwa mara, kwa mkono wake, na asije kutuambia kwamba alikuwa anataja takwimu tu.

Chukua Meknès. Ilikuwa meli ya abiria ya Kifaransa, tani elfu sita na ushei. Usiku wa tarehe 24 Julai 1940 ilikuwa imetoka Uingereza ikiwarudisha nyumbani mabaharia wa Kifaransa zaidi ya 1,200. Ufaransa ilikwisha kusalimu amri mwezi mmoja nyuma. Kwa watu wale vita ilikuwa imekwisha. Meli ilikuwa imewashwa taa zote, bendera ya Ufaransa imemulikwa ili kila mtu aione, kwa sababu haikuwa na sababu ya kujificha. S-27 iliisogelea, ikaifyatulia mizinga, kisha ikaipiga topido. Wakafa watu 400 hivi. Katika orodha ya ushindi wa S-27 jambo hili linachukua mstari mmoja: tarehe, jina la meli, tani. Yale mataa hayamo.

Au manowari ya Kiingereza Wakeful, tarehe 29 Mei 1940, ikitoka Dunkirk na askari zaidi ya 600. Waliokuwa wamepigana siku nyingi bila usingizi wakapewa nafasi chini ya sitaha, wakalala. Topido ya S-30 iliikata meli vipande viwili, ikazama kwa muda mfupi kuliko wewe kusoma aya hii. Karibu wote waliokuwa chini walikufa hukohuko. Wapenzi wa boti husimulia tukio hili kama somo la kuvizia: jinsi kamanda alivyosubiri, jinsi alivyozima mwendo, jinsi alivyopima masafa. Sikatai kwamba ulikuwa uvamizi wa halali wa kivita. Manowari ni manowari. Ninachouliza ni kwa nini akili ya msimulizi imo daima kwenye roshani ya kamanda, haishuki hata dakika moja kule chini kwenye vitanda.

Halafu kuna usiku wa Lyme Bay, na huu nitaukalia.

Tarehe 28 Aprili 1944, wiki chache kabla ya kutua Normandy, Wamarekani walikuwa wanafanya mazoezi kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, sehemu inayoitwa Slapton Sands. Walipachagua kwa kuwa panafanana na ufukwe ambao wangekwenda kuushambulia. Msafara wa meli nane kubwa za kushushia vifaru ulikuwa unatambaa gizani. Walinzi wao walipaswa kuwa wawili. Mmoja alikuwa ameharibika akarudi Plymouth, na mwenye kutakiwa kumbadilisha hakuletwa kwa wakati. Kwa kosa la kuandika, meli za msafara na Waingereza waliokuwa nchi kavu hawakuwa kwenye masafa mamoja ya redio. Boti tisa za Schnellboot zilitoka Cherbourg. Saa nane usiku topido zikaanza kufika. Meli mbili zilizama, LST-507 na LST-531. Ya tatu, LST-289, ilipigwa ikajikokota hadi bandarini.

Hesabu inayotumika sana ni wafu 749. Sasa sikiliza hili, maana ndilo nililokuwa nalitafuta katika vitabu vya boti nisilione: wengi wao hawakuuawa na topido. Askari wale walikuwa wamepewa mikanda ya kuokolea, ile ya kujaza hewa, na hawakufundishwa sawasawa namna ya kuivaa. Mkanda ulitakiwa ukae chini ya makwapa. Lakini mgongoni walikuwa na mizigo yao, kwa hiyo wakaifunga kiunoni. Walipoingia majini na mkanda kujaa hewa, uzito wa juu ukawageuza. Wakakutwa asubuhi wanaelea, miguu juu, vichwa chini ya maji. Walikufa kwa kifaa cha kuwaokoa. Wengine baridi ya maji iliwamaliza wakisubiri.

Na kwa kuwa siri ya Normandy ilikuwa kubwa kuliko wao, waliopona waliamriwa wafunge midomo. Kulikuwa na maofisa kumi waliojua mipango ya kutua, nao walipotea usiku ule. Wakubwa hawakulala mpaka maiti zote kumi zilipopatikana. Kwa wale wengine hapakuwa na haraka hiyo. Familia zilipata barua fupi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1984, mwenyeji mmoja wa pwani ile, Ken Small, alikipandisha kutoka baharini kifaru kilichozama wakati wa mazoezi yale, akakiweka Torcross kuwa kumbukumbu, kisha akaandika kitabu. Hakuwa mwanahistoria wala mwandishi. Nampendea hilo: alianza kwa kuokota vitu vidogo ufukweni, akajiuliza ni vya nani.

Mpenzi wa boti atakwambia Lyme Bay ulikuwa ushindi wa mwisho mkubwa wa Schnellboot. Ndiyo, ulikuwa. Boti tisa zilitoka, boti tisa zikarudi. Na hapa ndipo ninapowashangaa: wana mkononi tukio lenye kila kitu, kosa la karani, mkanda uliofungwa vibaya, amri ya kunyamaza, nao wanachagua kutuambia walikwenda noti ngapi.

Kuna watakaosema fasihi ya bahari ndivyo ilivyo, vyombo ndio wahusika. Uongo. Nicholas Monsarrat, aliyehudumu mwenyewe kwenye meli za kusindikiza misafara, aliandika The Cruel Sea mwaka 1951, na sehemu isiyosahaulika ya riwaya ile ni kamanda anayeangusha mabomu ya kuulia nyambizi mahali ambapo watu wa upande wake mwenyewe wanaogelea wakisubiri kuokolewa. Hakuna mtu aliyeifunga riwaya ile akakumbuka urefu wa meli. Buchheim naye, ambaye alisafiri kwenye nyambizi ya Kijerumani akiwa mwandishi wa vita, aliandika Das Boot iliyojaa mashine kuliko gereji, lakini ndani yake kuna jasho, uvundo na hofu ya watu. Kwa hiyo inawezekana. Schnellboot hazijapata mtu wao, basi, zimepata wahasibu.

Robert Hichens wa boti za mizinga za Kiingereza, yeye namsamehe. Aliandika akiwa vitani, akauawa Aprili 1943, kitabu chake We Fought Them in Gunboats kikatoka hayupo. Mtu anayeandika huku kesho yake anatoka tena usiku ana haki ya kumheshimu adui na kupima kasi yake. Inahusu shingo yake. Wewe unayeandika leo umekaa kwenye kochi huna udhuru huo.

Ngoja nifike kwenye hoja inayorudi kila mara, ile ya "mabaharia safi". Eti SS ndio waliokuwa wauaji. Hawa wa boti walikuwa vijana wa bahari, waungwana, wakitimiza wajibu. Nitajibu kwa meli moja tu. Inaitwa Buea.

Schnellboot hazikuwa na nafasi ya kutosha ya kulala wala karakana, kwa hiyo vikosi vyake vilikuwa na meli mama. Buea ilikuwa mojawapo. Mwanzoni mwa Mei 1945 ilikuwa imetia nanga Geltinger Bucht, karibu na mpaka wa Denmark, na kamanda mkuu wa Schnellboot zote, Rudolf Petersen, alikuwa hapo. Tarehe 4 Mei majeshi ya Ujerumani ya kaskazini yalisaini kusalimu amri kwa Montgomery. Asubuhi ya tarehe 5 silaha zikanyamaza. Usiku uliofuata, mabaharia wachache waliokuwa Svendborg nchini Denmark, chini ya kamandi hiyohiyo ya Petersen, walifanya hesabu ambayo mimi na wewe tungeifanya: vita imekwisha, twende nyumbani. Wakakamatwa njiani, wakarudishwa. Tarehe 8 Ujerumani nzima ikasalimu amri. Tarehe 9, siku moja baada ya hapo, mahakama ya kijeshi ilikaa kwenye Buea ikawahukumu watatu kifo kwa utoro. Fritz Wehrmann alikuwa na miaka 26. Martin Schilling 22. Alfred Gail 20. Petersen aliidhinisha. Tarehe 10 Mei 1945 walipigwa risasi kwenye sitaha ya nyuma, maiti zikafungwa vitu vizito zikatoswa baharini.

Soma tarehe hizo tena taratibu. Hakukuwa na Hitler. Hakukuwa na vita. Hakukuwa na amri kutoka juu ya kumlazimisha mtu, kwa kuwa hiyo juu ilikuwa imeanguka. Kulikuwa na maofisa wa Schnellboot tu, peke yao na dhamiri zao, na karani wa mahakama. Baada ya vita Petersen na wenzake walishtakiwa Hamburg. Kesi ikaenda ikarudi, hukumu moja ikitengua nyingine, mpaka mwaka 1953 ikaisha kwa kuachiwa.

Sasa niambie, wewe wa "mabaharia safi": katika vitabu vyako vitano vya boti, Buea imepewa kurasa ngapi? Mimi nimeona kijachini. Nimeona "tukio la kusikitisha". Kwenye kimoja sikuona kitu. Waliojaribu kulitazama jambo hili usoni walikuwa wasanii. Frank Beyer alilitengenezea filamu ya televisheni huko Ujerumani Mashariki, Rottenknechte, mwaka 1971. Siegfried Lenz, ambaye alikuwa kijana wa jeshi la majini akatoroka mwishoni mwa vita, aliandika mwaka 1984 hadithi yake Ein Kriegsende kuhusu mabaharia wa meli ya kutegua mabomu waliogoma kusafiri silaha zikiwa zimekwisha kuwekwa chini kaskazini, na wakahukumiwa. Si boti ileile, si watu walewale, lakini ni bahari ileile na wiki ileile. Kazi ya Lenz ni fupi, unaimaliza jioni moja, na ina uzito kuliko rafu nzima ya albamu za picha.

Na jina lenyewe, Buea, umelisikia wapi? Ni mji wa Kameruni, uliokuwa makao ya utawala wa Wajerumani kule. Halikuwa jina la bahati mbaya. Zitazame meli mama nyingine za Schnellboot: Adolf Lüderitz, Gustav Nachtigal, Carl Peters, Hermann von Wissmann. Na moja iliitwa Tanga.

Ndiyo. Tanga yetu. Mtu wa Chumbageni au Ngamiani anayesikiliza simulizi ya "miamba wa Hitler" kwenye simu yake hajaambiwa kwamba miamba hao walikuwa wakila na kulala kwenye meli yenye jina la mji wake, lililowekwa ubavuni kama mtu anavyotundika pembe za mnyama aliyemuua. Nyingine ilimtukuza Carl Peters, aliyewanyonga Mabruk na Jagodja kule Kilimanjaro, mtu ambaye hata serikali ya Kaiser ilimwona aibu ikamfukuza kazi mwaka 1897, na ambaye huku aliitwa Mkono wa Damu. Hitler ndiye aliyemsafisha mwaka 1937. Wissmann ndiye aliyeivunja Mrima kwa mizinga, na chini yake Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Manazi walikuwa na kiu ya makoloni yaliyopotea, na kiu hiyo waliiandika kwenye meli zao kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo msinambie kwamba historia hii haituhusu, na wala msinambie kwamba inatuhusu kama mashabiki. Pwani hii ina utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Huo ulitungwa na mtu aliyekuwa upande wa waliopigwa mizinga kutoka baharini. Yaani sisi tulikwisha kuwa na namna ya kuisimulia manowari ya Kijerumani zaidi ya nusu karne kabla ya Lyme Bay: unasimama nchi kavu, unaiona inakuja, unajua majina ya watu wako. Tumeiacha namna hiyo tukaenda kuazima macho ya aliyeshika darubini. Mbona?

Najua watakaonijibu kwamba mimi nataka kuua utamu wa simulizi. Sitaki. Hadithi ya mashine ina utamu wake na mimi pia nausikia. Nimesoma habari za ule usukani mdogo mara tatu. Wengine watasema Waingereza na Wamarekani nao waliua, tena kwa mabomu makubwa zaidi. Ni kweli. Juni 1944 ndege zao ziliivamia bandari ya Le Havre zikaharibu zaidi ya boti kumi za Schnellboot kwa usiku mmoja, na mji ule baadaye ulipondwa na raia wake ndani. Aandikwe na huyo, kwa vipimo hivyohivyo. Ninachokataa ni mtu kunijibu "nao pia" kila ninapouliza Meknès iliwashwa taa kwa nini.

Imebaki Schnellboot moja tu duniani, S-130. Ilikuwemo Lyme Bay usiku ule. Baada ya vita Waingereza waliichukua, wakaiweka chini ya kamanda yuleyule wa aina yake, Hans-Helmut Klose, Mjerumani wa Schnellboot, waitumie kuwapeleka majasusi kwenye pwani za Baltiki chini ya kivuli cha kulinda uvuvi. Majasusi wengi waliishia mikononi mwa Wasovieti. Klose akaja kuwa amirali wa Ujerumani mpya. Boti yenyewe iko Cornwall inatengenezwa upya, ubao kwa ubao, na ikikamilika itakuwa nzuri, sina shaka. Picha zake zitafika kwenye simu zetu, na sauti nzito itaanza: urefu mita 35, injini tatu.

Kijana mmoja anayetengeneza simulizi hizo aliniandikia kuniuliza, kwa adabu kabisa, "Sasa kaka, nianzie wapi?" Nilimwambia aanzie kwenye mkanda wa kuokolea. Aeleze ulikaaje kiunoni, mzigo ulikuwa na uzito gani mgongoni, na maji ya Aprili kule yana baridi ya namna gani. Boti aitaje akifika dakika ya tano.